Waliokosa Mtoto Tusiwacheke

Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na mbwa hapa makazi yake ni uani: analinda nyumba, anatupiwa ugali na vichwa vya migebuka, basi. Kwa hiyo mke na mume waliokosa mtoto wakionekana wanamwogesha mbwa na kumwita kama mwana wao, majirani hucheka. Tuwaache wanandoa hao. Aliyesubiri ujauzito miaka mingi, na kila harusi anaulizwa "bado tu?", ana haki ya kupenda kiumbe kinachomkimbilia jioni anaporudi, na wajibu wake ni kukipeleka kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani, na chanzo huweza kuwa kwa mume sawa na kwa mke. Basi wapimwe wote wawili, mke asibebeshwe lawama peke yake. Tena wapo watoto wanaohitaji wazazi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu malezi ya kambo na kuasili, na Uislamu unasifu kumlea yatima bila kumpokonya nasaba yake. Hata sokwe wa Hifadhi ya Gombe, jirani zetu wa kaskazini, walilionyesha hilo mwaka 1987, pale dume kijana Spindle alipombeba mgongoni yatima Mel, asiye ndugu yake. Wenye kiu ya mtoto tuwasindikize hospitali na ustawi wa jamii, na maneno ya barazani tuyakomeshe.