Mbivu, Mbichi na Pevu

Kila matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapokaribia kutangazwa, magazeti yetu huandika kwamba sasa mbivu na mbichi zitajulikana. Usemi huu umezoeleka hata hatujiulizi umetoka wapi. Umetoka mtini, kwa mchuma matunda. Nami, mtu ambaye riziki yake ni kuchambua maneno, nimekuwa nikisikitika kwamba usemi huo umeliacha nje neno la tatu, ambalo kwa mkulima ndilo lenye fedha: pevu. Embe bichi ni lile ambalo bado. Embe bivu ni la kuliwa sasa hivi. Embe pevu ni lile lililokwisha kukomaa ndani, ijapokuwa kwa nje lingali gumu na pengine la kijani, na ambalo likichumwa leo litaiva lenyewe ghalani, sokoni au safarini. Kati ya kupevuka na kuiva kuna siku chache tu, na katika siku hizo ndimo mavuno ya mkulima mdogo wa sehemu kame huokoka au hupotea.

Mimi ni mzaliwa wa Kianyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mvua si habari. Kwetu ni chai huko juu na kahawa huku chini yake. Maembe tuliyajua kama kitu cha kununuliwa sokoni, yaliyopandishwa kutoka nchi ya joto. Januari iliyopita niliteremka kumtembelea dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko Mbeere, katika sehemu za chini za kaunti ya Embu. Si mbali, lakini msafiri huhisi kana kwamba amevuka mpaka: umande unakwisha, udongo mwekundu unageuka mchanga na kokoto, migunga inaanza, na mahali pa kahawa panasimama miembe.

Chini ya kila mwembe wa dada yangu palikuwa na zulia la maembe yaliyoanguka, na juu ya zulia hilo nzi. Harufu yake ilikuwa ya pombe. Mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa nyumbani ilhali wenzake walikwisha kurudi shuleni. Sikuuliza sababu; nilikuwa nimeikanyaga nikipita.

Nilimwuliza wanasoma nini katika somo la Kilimo. Akanikariria kwa Kiingereza safi dalili za embe lililo tayari kuvunwa: mabega yake hujaa na kupanda juu ya kikonyo, na nyama iliyo karibu na kokwa huacha weupe ikaanza umanjano. Majibu yake yote yalikuwa sahihi. Nikamwambia, "Hebu mweleze mama yako hayo uliyoniambia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kwa lugha gani?"

Nakiri kwamba moyoni nilifurahi, furaha mbaya ya mtaalamu anayeona dunia ikiuthibitisha mhadhara wake. Nikaanza kutunga makala kichwani papo hapo: elimu imefungiwa katika lugha ya kigeni, mama hajui la kufanya, matunda yanaoza. Dada yangu, aliyekuwa akituoshea maembe, alituacha tuhangaike kwa muda. Kisha akatamka neno lake la Kimbeere, moja tu, lililokuwa na maana yote tuliyokuwa tukiitafuta. Akanigeukia. "Mwalimu, najua yamepevuka. Yalipevuka tangu wiki ya Krismasi. Lori ndilo ambalo halijapevuka."

Basi nikaelezwa. Dalali, au broka kama tunavyomwita, alikuwa ameahidi kuja Jumatatu. Alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alichagua yasiyo na doa, akatoa shilingi nne kwa embe, akajaza magunia yake hadi yakavimba, akaondoka. Yaliyobaki yalikuwa yamekwisha kuiva mtini, na embe lililoiva mtini katika joto lile halifiki Nairobi. Dada yangu angaliweza kuyachuma mapema, lakini ayaweke wapi, na amwuzie nani?

Nilirudi Kianyaga nikiwa nimefundishwa, na njiani nikaanza kuitazama nchi yetu ya juu kwa macho mengine. Hebu tulifikirie jani la chai. Hakuna mazao yenye haraka kama hilo. Likishindiliwa katika gunia hupata joto, likawa jekundu na kupoteza thamani yake. Ni lazima lifike kiwandani siku ile ile. Wakulima wetu wa chai ni wadogo vile vile, wengi wao wenye ekari moja au chini ya hapo. Mbona basi hatusikii kilio cha majani yaliyooza mashambani? Kwa sababu mwaka 1964 Serikali iliunda shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na baada ya hapo vikajengwa vituo vya kupimia majani karibu na mashamba, magari yakapangiwa saa, na viwanda kama vile Kimunye na Thumaita vikainuliwa papo hapo penye zao. Mkulima wa chai ana malalamiko yake, tena mengi na ya haki, juu ya bei na malipo. Lakini halalamiki kwamba gari la kubebea majani lilikuja wiki iliyofuata. Hali kadhalika na kahawa: matunda yake huchaguliwa, mabichi yakatengwa na mekundu, yakapimwa na kumenywa siku hiyo hiyo katika kiwanda cha chama cha ushirika. Hiyo ndiyo maana halisi ya kutenganisha mbivu na mbichi.

Ajabu ni kwamba mkulima wa Gichugu na yule wa Mbeere wanatenganishwa na mwendo mfupi tu wa matatu. Kinachowatenganisha hasa ni kwamba jani la mmoja lilikuwa la kuuzwa ng'ambo tangu ukoloni, na tunda la mwenziwe lilidhaniwa kuwa kitafunio cha watoto. Tumekwisha kulipa gharama ya dhana hiyo. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara nchini ni kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya maembe yetu hupotea kabla ya kumfikia mlaji. Nasi tunapozungumza juu ya upotevu huo, lugha tunayotumia humlaumu mkulima pasipo sisi kujua. Husema "maembe yameoza", kana kwamba yalijiozea yenyewe, au kana kwamba mwenye shamba alilala.

Tunda lililochumwa halijafa. Linaendelea kupumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyopumua kwa kasi na kujimaliza. Halijoto ikipanda kwa nyuzi kumi, kasi hiyo huweza kuongezeka maradufu au zaidi. Kwa hiyo saa za kwanza baada ya kuchumwa zina uzito kuliko siku zinazofuata. Embe lililoachwa juani mchana mmoja limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maisha yake hata kama ngozi yake ingali nzuri.

Hapa tena Kiswahili kina hazina ambayo tumeiacha ikaota kutu. Wapwani hawasemi tu "kuvuna" maembe. Kuna kuchuma, kwa mkono. Kuna kuangua, kwa upembo au kwa kupanda. Na kuna kupopoa, yaani kulirushia tunda fimbo au jiwe hadi lianguke. (Kamusi hutupa pia neno ngoe, mti wenye ncha ya kupinda wa kuangulia matunda. Nikilitazama embe liitwalo Ngowe, refu na lenye mdomo uliopinda, sishangai jina hilo lilikotoka.) Embe la kupopolewa huvilia damu, kama tusemavyo juu ya mtu, jeraha halionekani leo, linaonekana kesho kutwa kwa mnunuzi. Embe lililong'olewa kikonyo hutoa utomvu unaoichoma ngozi na kuacha michirizi myeusi, ilhali lililokatwa likaachiwa kijikonyo kifupi, kisha likalazwa kichwa chini ili utomvu udondoke, hubaki safi. Na gunia, rafiki wa dalali, ni adui wa tunda: yaliyo chini hubeba mzigo wa yote yaliyo juu katika barabara ya mashimo. Kreti la plastiki lingeyaokoa, lakini ni la kununuliwa, na dalali alipaye kwa hesabu ya embe moja moja halioni kuwa na faida kwake.

Kisha kuna nzi. Inzi wa matunda aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003 hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai ndani yake. Kwa sababu yake Kenya ililazimika mwaka 2014 kujisimamishia mauzo ya maembe katika Umoja wa Ulaya, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya soko hilo kufunguliwa tena. Lile zulia nililolikuta chini ya miembe ya dada yangu ndilo kitalu chake. Maembe yaliyoanguka yasipozikwa kwa kina au kufungiwa katika mfuko mweusi na kuanikwa juani, mabuu yaliyomo huingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wa kuyashambulia yaliyobaki mtini. Hili mkulima analiweza mwenyewe. Lakini msomaji, fikiria moyo anaohitaji mtu ili ayachimbie kaburi matunda ambayo yangalikuwa karo.

Ukame wenyewe, ambao kwa kawaida twautaja kama laana, una msaada wake. Kila nyumba ya Mbeere au Ukambani inajua kwamba maji ya mtungi huwa baridi kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho likikaushwa na hewa huondoka na joto. Wahindi waliitumia kanuni hiyo hiyo kujengea ghala la matofali: kuta mbili, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na kifuniko cha nyasi juu. Halihitaji umeme. Nako Nigeria ya kaskazini, mwaka 1995, mhadhiri Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alitia chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga wenye maji katikati. Biringanya zilizokuwa zikiharibika kwa siku tatu zikakaa hadi siku 27. Kwetu Kianyaga, penye ukungu, ghala la namna hiyo lingefanya kazi kidogo sana. Hewa kavu ya nchi ya chini ndiyo inayoliwezesha. Tena embe halitaki baridi kali: chini ya nyuzi 12 hivi huumia na kushindwa kuiva vizuri. Na hewa hiyo hiyo hukausha vipande vya embe, jambo ambalo watoto wa shule wa Mombasa wanalijua midomoni mwao kila wanaponunua achari.

Si kwamba mambo haya hayajajaribiwa. Huko Karurumo, katika kaunti hiyo hiyo ya Embu, kikundi cha wakulima kimeshirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Profesa Jane Ambuko, kuanzisha kituo cha kukusanyia, kupoza na kusindika matunda. Kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda chake cha maembe Kalamba. Jambo linawezekana, na limefanyika. Linalokosekana ni kulifanya liwe la kawaida kama kituo cha kupimia chai. Viongozi wa Afrika waliahidi huko Malabo, Juni 2014, kwamba ifikapo mwaka 2025 upotevu wa mazao baada ya mavuno ungepunguzwa kwa nusu. Januari 2025 walikutana Kampala, wakaahidi nusu hiyo tena, mara hii kwa mwaka 2035. Mtahiniwa ambaye angelikabidhi karatasi tupu na kuomba miaka kumi zaidi, sisi walimu tungemwambia nini?

Nathubutu kuzisihi kaunti za nchi kame, kabla hazijaota ndoto za viwanda vikubwa, zianze na kitu kidogo: kivuli, mizani, ghala la matofali na kreti za kuazimana, umbali ambao mama mwenye punda anaweza kuufika asubuhi, na gari lenye siku yake. Mkulima mwenye mahali pa kuyahifadhi maembe mapevu kwa siku nne ana siku nne za kubishana bei. Asiye napo hubishana na jua.

Nanyi walimu wenzangu msidhani nimewasahau kwa kuwa dada yangu aliniumbua. Yeye alikuwa na neno la embe pevu, lakini la inzi hakuwa nalo. Alidhani mabuu huzaliwa na tunda lenyewe. Bintiye alilijua jambo hilo tangu kidato cha pili, na hakuwa amelisema nyumbani. Kabla sijaondoka tuliketi sote watatu, tukaliandika upya somo lake la Kilimo katika kurasa mbili za daftari, kwa Kiswahili upande mmoja na Kimbeere upande wa pili. Ilituchukua alasiri nzima. Nilidhani mimi ndiye nitakayekuwa mhariri, kumbe nilikuwa karani. Sioni kwa nini mwalimu wa Kiswahili na yule wa Kilimo wasiwape wanafunzi zoezi kama hilo katika kila shule iliyozungukwa na miembe, na kulisahihisha kwa pamoja.

Msichana alirudi shuleni wiki ya tatu ya muhula, kwa fedha ambazo hazikutoka mtini. Dada yangu na majirani zake kumi na wanne wamejiandikisha kuwa kikundi, na wameomba kipande cha ardhi kando ya barabara ili wajenge ghala lao la matofali. Mchanga wanao, maji watachota. Barua imepelekwa, na jibu halijaja. Miembe nayo imekwisha kutoa maua.