Maoni Yetu: Kidonda Kinachopanda Basi

Mama wa Koboko, huku kwetu West Nile, mwenye saratani ya mlango wa kizazi akipelekwa Mulago hukaa Kampala wiki tano au zaidi. Siku tano kila wiki analala chini ya mashine ya mionzi, na kwa kawaida mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya sisplatini. Dawa hiyo huuongezea mionzi makali dhidi ya uvimbe. Ngozi nayo haisalimiki.

Wiki ya pili au ya tatu inaanza kuwasha na kukaza. Vitabu vingi husema itakuwa nyekundu. Kwetu haiwi nyekundu: inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, halafu inabanduka. Kwenye mikunjo, hasa kinenani, inachubuka na kutoa majimaji. Na kilele chake mara nyingi ni mwisho wa matibabu, au wiki moja mbili baadaye. Wakati huo mgonjwa ameshaaga wadi, yumo ndani ya basi, karibu kilomita 500 hadi Arua, jasho na kiti vikimsugua pale pale palipoungua. Koboko bado iko mbele.

Akifika, kama hakuna aliyeelezwa, kila mtu anakuwa daktari. Huyu analeta maji ya moto na chumvi, yule mafuta ya kuchua, wa tatu ananong'ona kuwa wamemchoma huko Kampala. Mwenzake ambaye hajamaliza dozi anasikia hayo na kukataa kurudi. Hilo ndilo linalotutisha kuliko kidonda chenyewe, kwa sababu ngozi kwa kawaida hupona baada ya wiki chache, lakini uvimbe ulioachwa katikati ya matibabu hausubiri.

Matunzo yenyewe si ya gharama. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, nguo ya pamba isiyobana. Alama za wino za kulengea mionzi zisifutwe kabla matibabu hayajaisha. Palipochubuka pafungwe na muuguzi kwa bandeji isiyogandana na kidonda. Tena wauguzi wajue: baadhi ya dawa za saratani, doksorubisini ikiwa mojawapo, zikitolewa hata miezi baadaye huweza kuliamsha eneo lile lile la zamani.

Kwa hiyo tunadai jambo dogo. Kila mgonjwa wa West Nile anayeruhusiwa kutoka Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, apewe karatasi moja, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, na nakala ifike Hospitali ya Rufaa ya Arua na kituo cha afya cha kwao. Tusiambiwe ni mzigo. Miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu ili wataalamu waielewe saratani ya Burkitt, na hospitali ya Kuluva, hapo nje ya Arua, ilikuwa imeshaandika habari za wagonjwa wa saratani hiyo kwa miaka. Tuliwapa damu, watupe karatasi.

Nawe msomaji, kama nyumbani una mgonjwa aliyetoka Mulago mwezi huu, mpime joto jioni hii. Kemo, yaani dawa kama ile ya dripu, hupunguza askari wa damu, chembe nyeupe. Likifika nyuzi 38, usingoje kupambazuke. Tafuta boda au gari umfikishe hospitali.