Dirma Iwapokee Wanafunzi wa Fildi

Ifikapo katikati ya mwaka, wanafunzi wa vyuo vikuu huanza kuzunguka na barua za utambulisho wakitafuta pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Ofisi huko zimejaa, na hata aliyebahatika kupokelewa aweza kumaliza wiki zake akitoa fotokopi na kupanga mafaili. Wakati huohuo, Dirma na kwingineko katika wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, kamati za misikiti na madrasa zina kazi zisizo na wa kuzifanya.

Waislamu wa eneo hili ni wachache, na jumuiya zao huendeshwa na watu wa kujitolea: imamu ambaye pia ni mkulima, mweka hazina mwenye duka, ustadhi anayefundisha jioni akitoka shamba. Hawa hawakosi moyo. Wanachokosa ni muda, na pengine ujuzi wa makaratasi ambayo dunia ya leo inayadai.

Mfano ni ardhi. Viwanja vingi vya misikiti vijijini vilitolewa kwa kauli ya mzee mmoja mbele ya mashahidi. Mzee akifariki, mashahidi nao wakapungua, huzuka mjukuu anayedai eneo la babu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka njia ya kupata hatimiliki ya kimila, lakini hati haiji bila maombi, vikao vya kijiji, mihtasari na vipimo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, kina shahada ya sheria inayokwenda pamoja na sharia. Mwanafunzi wa pale anaijua wakfu na anaijua sheria ya nchi. Akikaa Dirma wiki chache, anaweza kuandika maelezo ya wazee ambao wangali hai, kukusanya nyaraka zilizotawanyika majumbani na kuiandalia kamati faili la kupeleka serikali ya kijiji. Kazi hiyo ina thamani kuliko mafaili elfu ya ofisi ya mjini.

Hesabu nazo zinangoja. Zakat, sadaka, michango ya futari na ya ujenzi huandikwa kwenye daftari moja, likipotea limepotea. Mwanafunzi wa uhasibu, awe Mwislamu au la, anaweza kuacha nyuma vitabu vya stakabadhi, leja na mtu wa kijijini aliyefundishwa kuvitumia.

Hanang ina sababu yake ya pekee ya kulisikiliza ombi la kuwapokea wanafunzi. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha sehemu ya Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, Gendabi kikiwemo. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 89. Misaada ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Yeyote aliyewahi kugawa msaada anajua kwamba unga na mablanketi si mwisho wa kazi: lazima awepo wa kuandika kaya, kupokea mzigo, kutunza stoo na kumsikiliza aliyefiwa bila kumharakisha. Vijana wa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii husomea mambo hayo hasa. Jumuiya iliyozoea kuwapokea haitaanza kuwatafuta siku ya msiba.

Mbulu wenyewe wanao ushahidi kwamba taasisi ya dini inaweza kuwa darasa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imelea wauguzi na kupokea wanafunzi wa tiba, wengine kutoka ng'ambo, mbali na mji wowote mkubwa. Hakuna aibu kuiga jambo jema la jirani.

Waislamu wa Tanzania nao wana historia yao. Mwaka 1975 vijana wasomi na walimu walianzisha Warsha ya Waandishi wa Kiislamu chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, wakaandika vitabu vya elimu ya dini kwa ajili ya shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafarakana na viongozi wa baraza hilo. Kisa hicho kina mafunzo mawili: vijana wakipewa nafasi huacha kazi inayodumu, na mipaka isipowekwa mapema, wazee na vijana hugombana.

Kwa hiyo mipaka iwekwe. Mwanafunzi apewe kazi moja inayopimika na msimamizi mmoja anayejulikana. Asifanywe mtu wa kuchemsha chai, wala asitumwe kukusanya michango bila stakabadhi. Wa kike akae na familia yenye heshima zake, si kwenye chumba cha ofisi. Orodha za wajane, yatima na wagonjwa zisipigwe picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata madrasa.

Gharama je? Wapo wanafunzi wanaopata fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, lakini si wote, na nauli ya kutoka Morogoro hadi Katesh si ndogo. Hapa ndipo kila kaya inapohusika. Fildi nyingi huangukia miezi ambayo mahindi yameshavunwa. Familia moja itoe chumba, nyingine debe la mahindi, nyingine maharage. Wenye maduka wachangie nauli, na wenyeji wa Dirma walioko Arusha na Dar es Salaam watume chochote. Wakristo na wasio na dini wana haja na vijana hawa pia, maana kijana anayesaidia kupima kiwanja cha msikiti anaweza kuifundisha Kiingereza na hesabu shule nzima ya kata.

Kamati za misikiti ya Dirma, Katesh na Mbulu zikutane kabla ya mwaka huu kwisha. Ziandike kazi tatu tu zinazohitaji msaada, zitaje familia zitakazopokea wageni, kisha zipeleke barua kwa vyuo vya Morogoro, Dodoma na Arusha kabla wanafunzi hawajaanza kutafuta nafasi. Zianze na wanafunzi wawili.