Pompi ya esansi ikilia, fundi alipwe kwa kutafuta

Katika garaji nyingi za Lubumbashi, kuanzia Kamalondo mpaka Ruashi, kuna desturi moja inayomaliza franka za watu. Fundi analipwa akifunga pyesi mpya, lakini hapati kitu kwa saa nzima aliyotumia kutafuta ugonjwa. Kwa motokari ya zamani desturi hiyo ni hasara kubwa, na kelele ya pompi ya esansi inaonyesha sababu.

Tuseme ni Mercedes 230E, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1980. Zingine bado zinabeba maharusi Jumamosi. Zingine ndizo zinazolisha parseli nzima, pamoja na ndugu waliokimbia vita vya Mitwaba au Pweto wakapokelewa humo. Siku moja sauti inaanza nyuma, chini ya kiti, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Asubuhi haisikiki. Inakuja baada ya nusu saa ya kutembea, jua la Oktoba likiwa kali. Fundi anasikiliza dakika moja, anasema: pompi imekufa. Mwenye motokari anakopa dola, ananunua pompi iliyotumika, inafungwa. Wiki haijaisha, nzi amerudi.

Fundi huyo si lazima awe mwizi. Amefanya kile anacholipwa kufanya.

Pompi ya motokari hii iko chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, na inasukuma esansi kwa presha ya karibu 5 bar. Esansi inayopita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Isipopata esansi ya kutosha inavuta hewa na mvuke, ndipo inapolia. Mara nyingi ni kilio cha kiu. Kichungi cha ndani ya rezervwari kinaweza kuwa kimeziba. Tiyo ya mpira iliyozeeka inaweza kulegea na kujibana pompi inapovuta. Rezervwari yenyewe inaweza kukosa njia ya kupumua. Tena Lubumbashi iko juu, kama mita 1.200 kutoka usawa wa bahari, na kwenye urefu huo, pamoja na joto, esansi inageuka mvuke upesi zaidi. Pompi mpya ikifungwa kwenye njia iliyoziba, nayo itakuwa na kiu, na itakufa mapema.

Kuna mambo ya kuangalia kabla ya kununua chochote. Sauti ikianza, simamisha motokari mahali pa wazi, fungua kifuniko cha rezervwari. Hewa ikiingia kwa nguvu na sauti ikapungua, tatizo ni tundu la kupumulia. Linganisha rezervwari iliyojaa na ile iliyo karibu kuisha: kelele ikitulia inapojaa, tafuta upande wa kuvuta, yaani kichungi na tiyo. Angalia raba zinazoshika pompi. Zikikauka au zikikatika, chuma kinagusa chuma, na sauti ndogo ya kawaida inaingia ndani ya motokari kama kubwa. Angalia mshale wa filtri, kama haikufungwa kinyume. Pima umeme unaofika kwenye pompi. Yote hayo yakiwa sawa, basi pompi yenyewe ishitakiwe.

Peugeot 504 ya karburatere ni habari nyingine. Pompi yake imeshikamana na motere, inasukumwa na motere yenyewe, na presha yake haifiki hata nusu bar. Mlio wake mdogo wa tik-tik si ugonjwa. Hatari inakuja pale mtu anapoiondoa na kufunga pompi ya umeme ya motokari ya enjeksyo. Karburatere haiwezi kuzuia presha hiyo. Esansi inamwagika juu ya motere ya moto, na hapo si kelele tena, ni moto.

Chanzo kingine kiko barabarani. Esansi ya Kadhafi, ile ya chupa na bidoni, inasaidia pale stesheni ziko mbali au zimekauka. Lakini bidoni iliyobeba maji jana haiulizwi leo. Mwaga kidogo ndani ya chupa nyeupe, acha itulie: maji na mchanga vitashuka chini, macho yataona. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na inaokoa filtri na pompi.

Jambo linalogusa zaidi familia zilizohama ni usalama. Parseli moja inalala watu wengi, mbabula inawaka karibu, watoto wanacheza chini ya motokari. Tiyo ya esansi isifunguliwe hapo. Kwenye 230E presha inabaki hata motere ikizimwa, kwa hiyo tiyo ikilegezwa inarusha esansi usoni. Kazi ifanyike nje, motere ikiwa imepoa, bila sigara wala mshumaa. Bidoni isilale chumba kimoja na watu. Wala mtu asivute esansi kwa mdomo, kwani ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

Wengine watasema fundi akilipwa kwa kutafuta, atatafuta mpaka jioni. Dawa iko: wakubaliane bei ya saa moja kabla ya kuanza, na mwisho wa saa hiyo fundi aonyeshe alichokiona, kichungi kichafu mkononi au tiyo iliyojibana. Wengine watasema maskini hawezi kulipa mara mbili. Lakini aliyenunua pompi isiyohitajika ameshalipa mara mbili, na nzi bado analia.

Mwenye motokari naye ana kazi yake. Aandike kwenye karatasi: sauti inaanza saa ngapi, rezervwari ikiwa na kiasi gani, baada ya kilomita ngapi, esansi ilinunuliwa wapi. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na fundi mwema ataifurahia. Fundi anayeitupa bila kuisoma, afadhali motokari ipelekwe garaji ya jirani yake.