Ukimwekea Mzazi Simu za Intaneti, Usikomee kwa Kupakua Programu

Tuseme ukweli. Vijana wengi wa mjini tukienda ushago Desemba, kazi ya kwanza tunayopewa baada ya chai ni simu. "Hebu niwekee hiyo WhatsApp, niwe nikiongea na dada yako." Unachukua simu ya mama, unapakua, unaandika namba yake, unajaribu kumpigia shangazi, basi imeisha. Dakika 10. Halafu unarudi Nairobi ukijiona fundi.

Maoni yangu ni kwamba hizo dakika 10 hazitoshi. Umempa mzazi njia rahisi ya kuongea na watu wake, na hilo ni jambo zuri sana. Lakini pia umemfungulia mlango ambao matapeli wanaujua kuliko yeye. Aliyefungua mlango ndiye anayefaa kuonyesha komeo liko wapi.

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo wazazi huanza. Kuongea kwa sauti pekee kwa kawaida hakumalizi hata MB 1 kwa dakika. Kwa hivyo GB 1 inaweza kukupa zaidi ya saa 16 za porojo. Video ndiyo mlafi: inaweza kula MB 5 kwa dakika au zaidi, yaani saa moja ni kama MB 300. Mwonyeshe mama tofauti ya ile alama ya simu na ile ya kamera, maana wengi hubonyeza kamera bila kujua, bando inaisha, kisha lawama zinaenda kwa kampuni ya simu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna mahali pa kuchagua simu zitumie data kidogo. Iwashe kabla hujaondoka.

Kama kuna wifi nyumbani, usidanganywe kwamba lazima ununue kasi ya juu ndio simu ziwe safi. Sauti ya simu inahitaji kama kilobiti 100 kwa sekunde, ambayo ni kitu kidogo mno. Kinachoharibu simu ni kuchelewa. Sauti yako hukatwa vipande vidogo, mara nyingi 50 kila sekunde, na kila kipande lazima kifike kwa wakati. Kijana akiwa anapakua filamu chumba cha pili, vipande vinakwama foleni na mama anaanza kusikika kama roboti. Ndiyo maana pia zamani simu za intaneti hapa kwetu zilikuwa mateso: kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu nyingi ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu. Unasema halo, unangoja, mnaanza kuongea pamoja. Siku hizi adui ni ruta iliyofichwa nyuma ya TV na ukuta wa mabati katikati. Isogeze mahali pa wazi, tatizo nusu linaisha.

Kitu kingine ambacho hakuna anayewaambia wazazi: kama dada yuko Dubai, simu za WhatsApp hazitapita. Falme za Kiarabu huzuia simu hizo, ingawa ujumbe na sauti za kurekodi hupita. Huko watu hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM. Mwekee mama hiyo pia, la sivyo atakaa wiki nzima akidhani binti yake amemnunia.

Sasa komeo lenyewe. Ukisajili WhatsApp, namba 6 za siri hutumwa kwa SMS. Tapeli naye anaweza kuandika namba ya mama kwenye simu yake mwenyewe, na zile namba 6 zikaingia kwa simu ya mama. Kisha anampigia kwa heshima zote: "Mama, tunakuongeza kwenye kikundi cha chama, nisomee namba ulizotumiwa." Akisoma, akaunti imeenda. Dakika chache baadaye watu wa kanisa na wa chama wanapata ujumbe kutoka kwa "mama": nimekwama, nitumie 3,000 kwa namba hii, nitarudisha jioni. Na watu hutuma, kwa sababu ni mama.

Dawa ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti. Ni PIN nyingine ya tarakimu 6, na isiwe inafanana na ile ya pesa. Kama akaunti tayari imechukuliwa, isajili upya mara moja kwa namba hiyo hiyo na uweke namba mpya zitakazoletwa na SMS. Mwizi hutolewa hapo hapo, hata kama wewe mwenyewe utalazimika kusubiri siku 7 iwapo alikuwa ameweka PIN yake.

Na kuna hii ya video. Tangu 2023 WhatsApp inaruhusu mtu kuonyesha kioo cha simu yake akiwa kwenye simu ya video. Tapeli anayejiita mhudumu wa wateja anaomba "tuonyeshane kioo nikusaidie", kisha anasoma kila SMS inayoingia. Mwambie mzazi neno kwa neno: hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji kuona kioo chako wala PIN yako. Hakuna.

Baba atauliza: kama tunaongea kwa intaneti, kredo ni ya nini tena? Hapa nakuwa mkali. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na hiyo namba ndiyo pochi yake. Stima ikipotea, ruta inazima nayo. Usiku wa dharura, 999 na 112 hazipigwi kwa WhatsApp. Na ombi la pesa likija kwa ujumbe, simu ya kawaida kwa namba uliyoizoea ndiyo njia ya haraka ya kuhakikisha. Kabla ya kuthibitisha malipo, asome pia jina linalotokea. Kama ni jina geni, afute.

Kwa hivyo Desemba hii tenga saa moja, si dakika 10. Na kabla hujapanda matatu, ingia chumba kingine, mtumie mama ujumbe kwa namba asiyoijua umwombe 500. Uone kama atakupigia kwanza.