Simu Iwe Chombo cha Afya

Mwaka 1973 redio ilitumika nchini mwetu katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo na kufukia madimbwi yaliyozaa mbu. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Ilikumbusha, vikundi ndivyo vilivyotenda.

Fundisho hilo latufaa leo. Kisukari na shinikizo la damu haviwasamehe wanaoshinda vitini, nao ni wengi maofisini mwetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye zoezi linalolingana na hilo, kwa dakika zisizopungua 150 kila juma. Simu nyingi zaweza kuhesabu hatua na kumkumbusha mwenyewe ainuke. Lakini kuhesabu si kutembea. Hata lile lengo maarufu la hatua 10,000 kwa siku lilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Halikuwa agizo la daktari. Asiyelifikia asikate tamaa.

Rai yetu ni hii. Watumishi na walimu wengi wanayo makundi ya WhatsApp, yaliyojaa salamu na mzaha. Makundi hayo na yapange saa ya kutembea pamoja baada ya kazi, na kila mmoja amwulize mwenzake kama ametimiza. Simu ikumbushe, miguu itende.