Lolo na malewa: chakula cha watu kisifukuzwe

Saint-Martin ni kisiwa kidogo cha Karaibi, kilomita mraba karibu 87 tu, na Wafaransa na Waholanzi wanakigawana tangu 1648. Watalii wanakifuata kwa ajili ya bahari, lakini pia kwa ajili ya sahani. Kijiji cha Grand Case kina barabara moja yenye kujaa restora: za Kifaransa, za Kiitalia, za Kikreoli. Bei yake ni ya wenye mali.

Lakini kwenye barabara ile ile kuko lolo. Lolo ni kama malewa ya kwetu: moto wa makala, kuku, mbavu za nguruwe, langusti, wali na maharagi, meza za mbao. Tajiri na mufanyakazi wanakula bega kwa bega.

Zamani utajiri wa kisiwa hiki ulikuwa chumvi. Watumwa wa asili ya Afrika waliitoa mabwawani chini ya jua kali, faida ikaenda kwa wengine. Wapishi wengi wa lolo ni vitukuu vyao.

Sisi watu wa migodi tunaelewa hiyo. Fasi madini inatoka, mahoteli yanaota kama uyoga. Hatuyachukii. Lakini mama mwenye kupikia watu wa zamu ya usiku bukari na sombe, juu ya nini anafukuzwa barabarani, eti anachafua muji? Grand Case haikufukuza lolo, na wageni wanazitafuta. Wakubwa wa komini, mupatie bamama wetu fasi, kivuli na maji safi. Muji utapendeza zaidi.